Maswali ya Wasomaji: Shafti Inasokotwa, Amita Haijui

Barua za safari hii nimechagua nne, kwa kuwa zinabisha mlango mmoja. Zote zinahusu shafti inayosokotwa huku inazunguka, na watu waliosimama pembeni yake wakiwa na vipimo vyote isipokuwa kile kinachotakiwa. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu. Mwenyewe niliwahi kutumbukia shimo hilohilo, na bado nina kovu.

Mipira ya kaplingi inakufa, amita inasema mzigo mdogo

*Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi wa matengenezo. Tuna konveya inayoendeshwa na mota ya kilowati 250, mizunguko 1485 kwa dakika, kupitia kaplingi ya mpira (kiungo cha shafti mbili) na giaboksi. Zamani tulikuwa tunaiwasha moja kwa moja kwenye umeme. Mwaka jana ikafungwa inveta (kifaa cha kudhibiti kasi ya mota) yenye enkoda (kihisi cha mzunguko) kwenye mota. Tangu hapo mipira ya kaplingi inakufa kila baada ya wiki tano sita, wakati ile ya zamani ilikaa miaka. Amita, yaani kipimo cha mkondo, inasoma asilimia 60 tu. Aliitwa mtaalamu wa mitetemo, akapima beringi zote, ripoti yake ni kijani mwanzo hadi mwisho. Bosi anasema tumeuziwa mipira feki, na kwamba umeme hauwezi kuvunja kitu cha chuma wala mpira. Nimjibu nini?*

Marahaba, fundi. Kabla ya bosi, tumwangalie marehemu. Chukua mpira mmoja uliokufa, uukate katikati kwa msumeno. Ukiukuta umeliwa upande mmoja na kiini ni kizima, shuku shafti mbili hazijakaa kwenye mstari mmoja. Ukiukuta nje unapendeza lakini ndani umelainika, unanata au umepasuka na kunuka kuungua, huo umekufa kwa joto lake wenyewe. Mpira unaominywa na kuachiwa mara nyingi kila sekunde hugeuza sehemu ya kazi hiyo kuwa joto, na joto la kiini halina pa kutokea. Mpira feki nao hufa, sikatai. Lakini mpira feki hausubiri inveta ifungwe ndipo uanze kufa.

Sasa amita. Toki ya mota yako, yaani nguvu yake ya kusokota, inapatikana kirahisi: zidisha 9550 kwa kilowati, gawanya kwa mizunguko ya dakika. 9550 mara 250 gawanya kwa 1485 ni takriban Nm (nyutoni-mita) 1608. Amita inaposoma asilimia 60, wengi huchukua asilimia 60 ya namba hiyo wakaridhika. Hapo kuna makosa mawili. Dogo ni kwamba mota ya induksheni hunywa mkondo wa kutengeneza sumaku yake hata ikizunguka bure, kwa hiyo mkondo na toki haviendi sambamba kuanzia sifuri. Kubwa ni kwamba amita inakupa wastani. Mtu anayekwenda hatua tatu mbele na mbili nyuma, ukimpima kwa saa nzima utasema anatembea polepole. Viatu vyake ndivyo vinavyojua.

Usidanganywe pia na asilimia ya toki inayoonekana kwenye kioo cha inveta. Ile ni makadirio ya toki ndani ya mota, pale sumaku inaposukuma rota (sehemu ya mota inayozunguka), tena imelainishwa ili namba isichezecheze machoni. Kati ya sumaku na kaplingi kuna rota yenyewe, pande zito la chuma. Rota inaweza kwenda mbele na kurudi nyuma juu ya mpira, kaplingi ikateseka, na kioo kikabaki kimetulia.

Mtaalamu wa mitetemo naye hakusema uongo. Vihisi vyake vimekaa juu ya nyumba ya beringi, vinapima mtikisiko wa juu na chini, kushoto na kulia. Shafti inayosokotwa haiendi kokote kati ya hizo; inajizungusha kidogo mbele na kidogo nyuma palepale ilipo, na beringi imetengenezwa makusudi ili isizuie mzunguko. Kamua nguo mbichi mbele ya mtu aliyefumba macho na kushika kiwiko chako, atakwambia mkono umetulia. Mahali pekee ambapo msokoto hupenya hadi nje ni kwenye meno ya gia, kwa sababu jino huligeuza toki kuwa msukumo wa pembeni. Mwombe mtaalamu afungue tena data za giaboksi atazame masafa ya kukutana kwa meno. Tuseme pinioni, ile gia ndogo, ina meno 23: kwa mizunguko 1485 meno hukutana mara 569 kwa sekunde. Akiona vilele vidogo kushoto na kulia kwa 569 vilivyoachana kwa namba isiyolingana na mzunguko wa shafti yoyote, hapo ameshika mkia wa nyoka.

Sasa kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kichanganyio kikubwa chenye mota ya ukubwa uleule wa yako, inveta, kaplingi ya mpira na giaboksi inayopunguza kasi mara 20. Malalamiko yalikuwa kama yako, neno kwa neno. Nikafika na kipimo changu cha leza cha kunyoosha shafti, kilikuwa kipya na nilikuwa najivunia nacho. Nikakuta shafti zimepishana kidogo sana, nikazinyoosha, nikaandika ripoti, nikalipwa. Mpira ukafa. Nikarudi, nikanyoosha tena kitu ambacho tayari kimenyooka. Mpira ukafa. Mara ya tatu ndipo nilipoona aibu ya kutosha nikaleta streini geji, vipande vyembamba vinavyobandikwa kwenye chuma kupima kinavyorefuka.

Nilizibandika kwenye shafti ya milimita 80 inayoingia kwenye giaboksi, na kisambaza data kidogo chenye betri kikafungwa hapohapo kinazunguka nayo. Wastani wa toki ulikuwa kama Nm 900, sawa kabisa na walivyotarajia. Lakini mstari wenyewe ulikuwa unapanda hadi 2100 na kushuka hadi 300 chini ya sifuri, mara 30 kila sekunde. Rudia hapo: chini ya sifuri. Maana yake kila mzunguko wa mtetemo meno ya gia yaliachana, yakavuka nafasi iliyo kati yao, yakagonga upande wa pili, kisha yakarudi kugonga upande wa kazi. Mizunguko 30 kwa sekunde ni zaidi ya 100,000 kwa saa. Ndani ya siku nne unafikia milioni 10, eneo ambalo wahandisi hulitumia kuuliza kama chuma kitachoka au kitavumilia.

Kwa nini 30? Chora mashine nzima kama magurudumu mawili mazito yaliyounganishwa na springi ya kusokota. Gurudumu la kwanza ni rota, inesha yake (ukaidi wake wa kubadili kasi) kama kg·m² 5. La pili ni mzigo. Kichanganyio kilikuwa na inesha ya 800, namba ya kutisha, lakini kiko nyuma ya giaboksi ya 20 kwa 1, na ukitazama kutoka upande wa mota lazima ugawanye kwa 20 mara 20. Inabaki 2. Ongeza gia na nusu ya kaplingi, jumla 2.5. Springi ni mpira: Nm 60,000 kwa kila radiani moja ya msokoto. Zidisha ugumu wa springi kwa jumla ya inesha mbili, gawanya kwa zao la inesha hizo, tafuta kipeo cha pili, gawanya kwa 6.28. Jibu ni Hz 30.2, yaani mara 30.2 kwa sekunde. Hesabu ya nyuma ya bahasha, na mashine ikaitika namba ileile. Nakiri nilicheka peke yangu, na mlinzi akanitazama vibaya.

Hayo ndiyo masafa asilia: ukiisukuma mashine kwa mapigo hayo, hata kidogo kidogo, inajengeka kama bembea. Ilibaki kumjua anayesukuma. Jaribio lake ni jepesi na ningependa kila fundi alijue: badilisha kasi. Kama mtetemo unatokana na kitu kinachozunguka (shafti iliyopinda, jino bovu, kaplingi iliyokaa upande), masafa yake yatafuata kasi. Nilipunguza kutoka 1485 hadi 1300, kisha 1100. Ile 30 haikusogea. Kitu kisichofuata kasi hakizunguki. Kilikuwa ndani ya inveta: kitanzi cha kudhibiti kasi. Fundi umeme alikuwa amekaza mno kigezo cha mwitikio ili kasi isishuke malighafi inapomwagwa. Enkoda ikaona rota imerudi nyuma kidogo, inveta ikasukuma kurekebisha, msukumo ukafika umechelewa kiasi kwamba badala ya kutuliza mtetemo ukaulisha. Tulikipunguza kigezo kile kwa nusu, na ile panda shuka ya Nm 1200 kila upande ikaanguka hadi kama 80. Hakuna spana iliyoguswa. Ada yangu ya mara mbili za kwanza sikurudisha, na hilo ndilo kovu nililolitaja.

Kwa hiyo bosi akikwambia umeme hauvunji chuma, mweleze kwa upole habari ya kituo cha umeme cha Mohave, Nevada, Marekani. Mwaka 1970, na tena 1971, shafti ya jenereta ya turbaini pale iliharibika. Njia ya umeme ilikuwa na kapasita zilizofungwa mfululizo, zikaunda na mtandao masafa ya umeme yaliyoendana na masafa asilia ya shafti. Shafti ikalisha umeme, umeme ukalisha shafti. Chuma cha turbaini kimeshindwa, sembuse mpira wako.

La kufanya, kwa mpangilio wa gharama. Kwanza taa ya stroboskopu, inayomweka haraka haraka. Mashine ikiwa imezimwa na kufungiwa umeme, chora mstari mweupe unaovuka nusu zote mbili za kaplingi, rudisha kinga, kisha mulika kupitia wavu wake ukilinganisha mimweko na mzunguko. Kwenye kile kichanganyio msokoto ulikuwa radiani 0.02 kila upande. Kwa kaplingi yenye nusu kipenyo cha milimita 150 hiyo ni milimita 3, unaiona kwa macho, mstari unavunjika katikati na kuyumba. Usiondoe kinga ili uone vizuri. Pili, mwombe fundi umeme aendeshe inveta kwa muda bila kutumia enkoda, kwa mzigo mdogo na kwa idhini ya wenye mashine. Mstari ukitulia, umeshampata. Tatu, usipopata jibu, pima toki kwenye shafti yenyewe.

Na ukigundua masafa yanafuata kasi, dawa ni nyingine: inveta nyingi zina mpangilio wa kuruka kasi fulani, mashine inapita pale haraka bila kukaa. Kubadili ugumu wa mpira pia kunasogeza masafa asilia, ila kumbuka kipeo cha pili. Ukitaka yashuke nusu, ugumu ushuke hadi robo. Viwango vya API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) vinavyotumika kwenye mashine za mafuta na gesi vinataka masafa asilia yaachane na kila kisukumio kwa asilimia 10 au zaidi. Mimi kwenye mashine za mpira napenda zaidi ya hapo, kwa sababu ugumu wa mpira hubadilika ukipata joto na ukizeeka.

Geji zangu hazioni kitu

*Habari za kazi, Mwalimu. Nipo mwaka wa mwisho wa uhandisi mitambo. Kwa mradi wangu nimebandika streini geji mbili kwenye shafti, zimenyooka sambamba na shafti, nikaisokota kwa mkono wa chuma. Namba hazisogei. Nikiining'iniza uzito katikati zinaruka vizuri. Geji ni mbovu?*

Geji ni nzima, binti yangu, na zimekujibu kwa ukweli. Umezipanga zipime kupinda, zikapima kupinda. Chukua chaki, ishike ncha mbili, isokote hadi ikatike. Tazama mkato: haukwenda wima, umezunguka kama ngazi ya mnara, kwa nyuzi 45. Chaki haivumilii kuvutwa, kwa hiyo imekatika pale ilipovutwa zaidi. Msokoto huvuta ngozi ya shafti kwa nyuzi 45 upande mmoja na kuiminya kwa nyuzi 45 upande wa pili, lakini kwenye mstari ulio sambamba na shafti hairefuki wala haifupiki. (Shafti za chuma zilizochoka kwa msokoto nazo mara nyingi hupasuka kwa mshazari huohuo, zikianzia kwenye mfereji wa kii (kipande kinachofunga gia kwenye shafti). Ukikuta ufa wa namna hiyo, kipimo cha kwanza umeshafanyiwa bure.)

Tumia geji nne, mbili mbili zenye umbo la herufi V, pande mbili za shafti zinazotazamana, zote kwa nyuzi 45, ukiziunga ziwe daraja kamili la Wheatstone (mzunguko wa umeme wa vipingamizi vinne). Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba shafti ikipinda, geji za upande huu na za upande ule zinafutana. Ikivutwa kwa urefu, zinafutana. Joto likipanda, zinafutana. Msokoto peke yake ndio unaojumlishwa.

Usitarajie mawimbi makubwa. Shafti ile ya milimita 80 niliyoitaja juu, kwa Nm 1608, mkazo wa kukata kwenye ngozi yake ni kama megapaskali 16. Ugumu wa chuma dhidi ya mkazo huo ni kama gigapaskali 80, kwa hiyo mrefuko kwa nyuzi 45 ni mikrostreini 100. Mita nzima ya chuma ingerefuka kwa unene wa karatasi ya kuandikia. Geji zenye kipimo cha mwitikio cha 2 zitakupa milivolti 0.2 kwa kila volti unayolisha daraja. Ukilisha volti 5, toki yote ya kilowati 250 inakutokea kama milivolti moja. Ndiyo maana amplifaya inawekwa hapohapo kwenye shafti, kabla waya haujaokota kelele za inveta.

Kubandika ndiko kunakomtofautisha mtu na mtu. Piga msasa hadi kutu na rangi viishe, lakini usiung'arishe kama kioo, gundi inataka mikwaruzo. Futa kwa asetoni na kitambaa safi, ukivuta upande mmoja tu, na utupe kitambaa. Ukirudisha kilekile unarudisha uchafu. Tone moja la gundi ya sayanoakrileti, kidole gumba juu yake kwa dakika nzima bila kuhama. Nina alama za vidole kwenye geji nyingi sana duniani.

Kabla hujaamini namba yoyote, fanya jaribio la kipingamizi. Kwenye daraja la ohmu 350, ukiunganisha kipingamizi cha kiloohmu 437 sambamba na geji moja, kifaa lazima kiruke kwa milivolti 0.2 kwa volti, sawa na Nm 1608 za shafti ile. Hilo linakagua waya, amplifaya na programu. Halikagui kama umepima kipenyo sawasawa, na kipenyo kinaingia kwenye hesabu kikiwa kimejizidisha mara tatu: ukikosea kwa asilimia 1, toki imekosea kwa asilimia 3. Kipime kwa maikromita, pale palipo na geji, siyo kwenye mchoro.

Sifuri nayo ni mtihani. Mashine iliyosimama si mashine isiyo na toki. Msuguano wa giaboksi unaweza kuiacha shafti imekamuliwa kidogo. Izungushe taratibu kwa mkono mbele, soma, nyuma, soma, sifuri iko katikati.

Mngurumo wa katikati ya safari

*Mhandisi, mota yetu ni sinkronasi, Hz 50, mizunguko 1500, na inaendesha kompresa kupitia gia ya kuongeza kasi. Inawashwa moja kwa moja. Kila ikipanda, ikikaribia mizunguko 1050 gia inanguruma kwa sekunde chache kama inataka kung'oka, halafu inanyamaza na siku nzima haina neno. Waliotutangulia walisema ndiyo tabia yake. Tuendelee?*

Ni tabia yake kweli, lakini ni tabia inayokula mtaji. Mota ya sinkronasi ikiwa bado inapanda, rota yake ina nguzo zinazojitokeza, haiko sawa pande zote, kwa hiyo toki yake hupiga mapigo. Masafa ya mapigo hayo ni mara mbili ya masafa ya slipu, yaani pengo kati ya kasi ya rota na kasi ya sumaku: rota ikiwa imesimama ni Hz 100, ikikaribia 1500 yanashuka hadi sifuri. Yanafagia kila kitu kati ya 100 na sifuri, na kama mashine yako ina masafa asilia humo ndani, ni lazima yatapita juu yake. Hukwepi kwa ujanja wa spana.

Tena umenipa zawadi kwa kuandika 1050. Slipu pale ni 450 kwa 1500, yaani 0.3. Mara mbili ya 0.3 ya Hz 50 ni Hz 30. Bila kifaa chochote, kwa sikio na takometa, umepima masafa asilia ya kwanza ya mfumo wako.

Mngurumo ni meno yanayoachana na kugongana. Kila kuwasha kunatoa mapigo kadhaa makubwa, na mapigo hayo yanahesabika: mhandisi aliyebuni mashine anapaswa kuwa amekokotoa shafti na kaplingi zinavumilia kuwashwa mara ngapi. Itafuteni ripoti hiyo. Kisha tazameni daftari la zamu mhesabu mmeshawasha mara ngapi tangu ifungwe. Kama mashine ilibuniwa iwashwe mara chache kwa mwaka na ninyi mnaizima kila jioni, mnakula miaka yake kwa miezi. Umeme ukikatika, msiirudishe papo hapo sumaku ikiwa bado hai ndani. Umeme ukiikuta nje ya mpigo, toki inayozuka inaweza kuzidi mara nyingi ile ya kawaida. Na kama volti zinashuka wakati wa kuwasha, mota inapanda polepole na kukaa muda mrefu zaidi kwenye eneo la mngurumo. Waulizeni watu wa umeme volti zinakuwa ngapi kwenye sekunde zile, siyo kabla wala baada.

Mkanda wa mistari

*Ndugu Mhandisi, tumebandika mkanda wa mistari myeusi na myeupe 60 kwenye shafti inayotoka giaboksi, tukausoma kwa kihisi cha mwanga. Tunaona mtetemo wa mara moja kwa kila mzunguko tu, basi. Je, tuseme mashine haina msokoto?*

Ndugu yangu, msiseme. Mara moja kwa mzunguko ni kiungo cha mkanda wenu, pale ncha mbili zilipokutana na mstari mmoja ukawa mnene kuliko wenzake. Badilisheni kasi: kikiwa kiungo, hitilafu kwenye pembe itabaki ukubwa uleule kwa kasi zote na haitavimba popote.

La pili, mmekaa upande wa polepole. Kwenye kichanganyio kile msokoto wa mzigo, ukitazama kutoka upande wa mota, ulikuwa nyuzi 0.76, baada ya giaboksi ya 20 kwa 1 inabaki 0.038, na mkanda wa kubandika kwa mkono hauwezi kuona hicho. Rota yenyewe ilikuwa inacheza nyuzi 0.38, mara kumi zaidi. Hamieni upande wa kasi, ncha ya mota iliyo upande wa feni, ambako kuna mwendo. Katikati ya kaplingi ni kinyume chake: pale kuna mahali ambapo mwendo unakaribia sifuri na toki iko kileleni, kwa hiyo pale panataka geji, siyo mkanda. Na mistari 60 inatosha. Kinadharia inawapa hadi mitetemo 30 kwa kila mzunguko.